Saa kumi na saba Berlin na begi mgongoni: nini uone, nini uache

SWALI: Shikamoo kaka. Nasoma Kraków, Poland. Jumapili moja ya mwezi wa tano nitapita Berlin kwa basi nikielekea Amsterdam. Nafika saa 12 asubuhi, naondoka saa 5 usiku, na hoteli sina. Nina begi kubwa la mgongoni, euro 40 za kutumia na orodha ndefu niliyopewa na wenzangu: Mnara wa Televisheni, Checkpoint Charlie, Kisiwa cha Makumbusho, Lango la Brandenburg, Ukuta, na mengine mengi. Naweza kuimaliza yote? Na mimi kama Mtanzania, kuna chochote huko kinachonihusu?

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Huimalizi, na ukilazimisha utarudi Kraków ukiwa na picha nyingi za ngazi za vituo vya treni. Berlin ina eneo la karibu kilomita za mraba 890, wakati Paris ndani ya mipaka yake haizidi sana 100. Tena mji huu ulikatwa vipande viwili kwa miaka 28, kila upande ukajijengea katikati yake, kwa hiyo hakuna sehemu moja ambayo ukisimama unaona vyote. Wageni ninaowatembeza huwa wanagundua hilo mchana, miguu ikiwa imeshachoka.

Kwa hiyo nimekukatia orodha. Kilichobaki nimekipanga kwa njia ya usafiri, siyo kwa umaarufu: basi namba 100, kisha tramu ya M10, na treni ya U6 katikati. Swali lako la mwisho ndilo limeniongoza kuchagua, maana jibu lake ni ndiyo, na kubwa kuliko unavyodhani.

Kwanza mambo ya mpakani. Ujerumani ilirudisha ukaguzi kwenye mpaka wake na Poland mwaka 2023, na polisi hupanda kwenye basi. Pasipoti halisi na kibali chako cha kuishi Poland viwe mfukoni, usiviache kwenye begi lililo tumbo la basi. Nakala ya kwenye simu haitakusaidia. Ukaguzi huo pia unachelewesha, ndiyo maana ratiba yangu inaanza polepole.

Kabla ya kununua chochote, soma tena tiketi yako ya kuondokea. "Berlin" kwenye tiketi za mabasi inaweza kuwa kituo kikuu cha mabasi kinachoitwa ZOB, inaweza kuwa Alexanderplatz, Südkreuz au uwanja wa ndege, na kati ya kimoja na kingine ni safari ndefu. Nitachukulia unafika ZOB na kuondokea hapo hapo. Kituo kina makabati ya kufungia mizigo. Uwe na sarafu, uweke begi kubwa humo, ubaki na kimfuko chepesi chenye pasipoti, chupa ya maji, koti la mvua na chaja. Kuna watu wanaozunguka na kilo kumi na tano mgongoni kwa kuogopa kulipa euro chache, na mchana wanazilipa mara mbili kwa kukaa mikahawani kupumzika. Isitoshe, bungeni hawataki mizigo mikubwa, na bungeni ndiko tunakoanzia.

Tiketi ya usafiri chukua ya saa 24, kanda za AB, yaani za ndani ya mji, inayozidi kidogo euro 10. Tiketi moja ya kawaida inakaribia euro 4, inadumu saa mbili na hairuhusu kurudi ulikotoka, kwa hiyo ukipanda mara tatu umeshapata hasara. Vituo havina vizuizi vya kuingilia, unapita tu, na hapo ndipo wageni wanapojidanganya. Wakaguzi wamevaa kiraia, mmoja anaweza kuwa kijana mwenye vipokea sauti masikioni kama wewe. Faini ni euro 60. Tiketi ya karatasi lazima uigonge muhuri kwenye kile kimashine kidogo kabla ya kupanda, la sivyo ni sawa na huna. Neno "sikujua" wamelisikia sana.

Usiku wa kuamkia Jumapili treni za chini ya ardhi hazilali, kwa hiyo hutasubiri. Nawa uso kituoni, tembea dakika chache hadi Kaiserdamm, panda U2 hadi Zoologischer Garten. Ukitoka nje utaona kanisa lenye mnara uliovunjika juu. Ni Kanisa la Ukumbusho la Kaiser Wilhelm, lililopigwa mabomu mwaka 1943 na likaachwa hivyo makusudi. Saa hizo limefungwa, litazame kwa nje ukinywa chai, inatosha.

Basi namba 100 linaanzia hapo hapo Zoo. Ni basi la kawaida la ghorofa, kwa tiketi yako ile ile, na ndilo lililokuwa la kwanza kuunganisha pande mbili za mji mwezi Novemba 1990, wiki chache baada ya Ujerumani kuwa moja. Mabasi mekundu ya watalii yanakutoza zaidi ya euro 20 kupita sehemu kubwa ya njia hiyo. Panda juu, kaa mbele kabisa. Saa mbili asubuhi ya Jumapili viti hivyo vitakuwa vyako. Unapita msitu wa Tiergarten, nguzo ya ushindi yenye sanamu ya dhahabu ya mungu wa kike wa ushindi, ikulu ya rais, halafu unashuka Reichstag, jengo la bunge.

Kuingia kwenye kuba la bunge ni bure, lakini lazima ujiandikishe mtandaoni kwenye tovuti ya Bundestag, kwa jina lililo kwenye pasipoti na tarehe ya kuzaliwa. Fanya hivyo leo. Nafasi za Mei huisha wiki kadhaa kabla, na kuna siku katika mwaka kuba linafungwa kwa usafi, utaiona tarehe humo. Omba ya saa 3 asubuhi ili hata basi likichelewa mpakani usiikose. Jengo ni la zamani, kuba la kioo lilichorwa na Norman Foster na kufunguliwa mwaka 1999. Unapanda kwa njia ya mzunguko hadi juu, na kwenye sikio unapewa kifaa kinachokueleza unachokiona kadiri unavyotembea. Chini yako, kupitia kioo, ni ukumbi wa wabunge. Ndiyo sababu nakufutia Mnara wa Televisheni, mdogo wangu. Ni mrefu kweli, mita 368, lakini utalipa zaidi ya nusu ya bajeti yako kuona mji ule ule.

Ukitoka, Lango la Brandenburg liko hatua chache. Lilikamilika mwaka 1791, farasi wake walichukuliwa na Napoleon kwenda Paris mwaka 1806 na wakarudishwa 1814. Piga picha yako, endelea.

Nyuma yake kidogo, upande wa kusini, ni ukumbusho wa Wayahudi wa Ulaya waliouawa: mawe 2,711 ya zege, yamepangwa kwenye ardhi inayoinuka na kushuka. Pembeni yanakufika magotini, ukiingia ndani yanakupita kimo na sauti za barabarani zinapotea. Ingia peke yako, simu mfukoni. Kuna watu wanaorukaruka juu ya yale mawe na kupiga picha za kujipendezesha. Usiwe mmoja wao. Chini ya ardhi kuna kituo cha maelezo, bure, kinafungwa Jumatatu tu. Hapo kuna barua za watu waliojua wanakwenda kufa. Nusu saa itakutosha, na pengine hutaweza zaidi.

Sasa ndipo tunaachana na vitabu vya watalii. Kutoka kwenye mawe yale tembea dakika chache hadi Wilhelmstraße, utafute namba 92. Utaona maghorofa ya kupangisha yaliyojengwa na serikali ya Ujerumani Mashariki, baiskeli nje, nguo zimeanikwa barazani, na bango la maelezo kando ya njia. Hapo ndipo ilipokuwa ofisi ya Bismarck, Kansela wa Ujerumani, na humo ndimo ulimofanyika Mkutano wa Berlin kuanzia tarehe 15 Novemba 1884 hadi 26 Februari 1885. Nchi 14 zilituma wajumbe. Mwafrika hakualikwa hata mmoja, hata Sultani Barghash wa Zanzibar hakualikwa.

Shuleni tulifundishwa kwamba mle ndani walitandika ramani na kuigawa Afrika kwa rula. Hapana. Walijadili zaidi biashara ya Kongo na Niger, na wakakubaliana masharti ya nchi ya Ulaya kutambuliwa kwamba imeshika pwani fulani. Mipaka ya kwetu ilikuja baadaye, kwa mapatano ya Waingereza na Wajerumani ya mwaka 1886 na 1890. Ila tazama tarehe. Mkutano ulifungwa Februari 26. Kesho yake, Februari 27, Kaiser alitia sahihi hati ya ulinzi kwa kampuni ya Carl Peters, aliyekuwa ametoka kuzunguka Usagara, Uzigua, Nguru na Ukami akikusanya mikataba kwa machifu waliowekewa karatasi ya Kijerumani mbele yao. Barghash alipopinga, mwezi Agosti mwaka huo huo manowari za Kijerumani zilitia nanga mbele ya kasri lake. Mambo hayo yote yanaanzia kwenye kiwanja hiki ambacho leo hakina hata kiti cha kukaa. Wageni wengi wanapita hapa wakielekea kuuliza bunkeri la Hitler, ambalo liko jirani na ni eneo la kuegesha magari lenye kibao. Hilo unaweza kuliacha.

Rudi kwenye lango, shuka kituo cha Brandenburger Tor, panda treni za S1, S2 au S25 kuelekea kaskazini, shuka Nordbahnhof. Kituo chenyewe kina maonyesho kuhusu wakati treni za magharibi zilipokuwa zikipita chini ya mashariki bila kusimama, askari wakilinda majukwaa yenye giza. Ukitoka juu umefika Bernauer Straße, na hapa ndipo pa kuuona Ukuta. Checkpoint Charlie nimekufutia: ni kibanda cha nakala ya kituo cha zamani cha ukaguzi wa mpakani, maduka ya kofia za kijeshi, na msongamano. Ukikutana popote na vijana wanaochezesha kiberiti chini ya vikombe vitatu, na mtu anashinda shinda pale, jua wote ni timu moja.

Bernauer Straße ni bure na wazi kabisa. Ukuta uliwekwa kuanzia tarehe 13 Agosti 1961, na mtaa huu ulikuwa na kituko chake: nyumba za upande mmoja zilikuwa Mashariki, lakini njia ya miguu mbele ya milango yao ilikuwa Magharibi. Watu wakawa wanaruka madirishani. Mwanamke mmoja aliyeruka kutoka ghorofa ya juu mwezi huo huo ndiye wa kwanza kuhesabiwa kufa kwenye mpaka huo. Serikali ikaziba milango na madirisha kwa matofali, baadaye ikabomoa nyumba. Waliofia kwenye Ukuta mji mzima ni angalau 140, na picha zao ziko hapo kwenye ukuta wa madirisha madogo, wengine watoto.

Vuka barabara, kisha panda juu ya mnara wa kituo cha maelezo, ndipo utaelewa. Kutoka mitaani unaona ukuta mmoja. Kutoka juu unaona kwamba ulikuwa kuta mbili, na katikati kulikuwa na ukanda wa mchanga, taa na mnara wa walinzi. Kisha nenda kwenye Kapela ya Upatanisho. Kanisa la zamani lilibaki ndani ya ukanda huo na likalipuliwa na serikali mwaka 1985. Kapela ya sasa, ya mwaka 2000, imejengwa kwa udongo wa kushindiliwa, na ndani ya udongo kuna vipande vya matofali ya kanisa lililolipuliwa, unaweza kuvigusa. Sisi tuliozaliwa kwenye nyumba za udongo tunaingia mle tukidhani tutaona kitu cha ajabu cha Kizungu, tunakuta harufu tunayoijua.

Njaa itakuwa imekukamata, na bahati yako ni Jumapili. Maduka ya chakula mjini karibu yote yamefungwa siku hiyo, jambo linalowaumiza wageni, lakini mwisho wa Bernauer Straße ni Mauerpark, penye soko la mitumba la Jumapili. Kuna vyakula vya kila namna, na miezi ya joto mara nyingi watu huimba karaoke kwenye ngazi za mawe mbele ya umati. Shika simu yako vizuri. Donakebabu, ule mkate wa nyama ulioenezwa mjini hapa na Waturuki miaka ya 1970, ni kama euro 7 sasa. Ukiona soseji yenye mchuzi wa bizari, yaani currywurst, fahamu kwamba mara nyingi ni nguruwe. Kama huli, uliza kwanza. Ninachokipenda zaidi mimi ni falafeli za Wasudani, wanazimwagia mchuzi wa karanga na zinashibisha hadi jioni. Vibanda vyao viko zaidi Friedrichshain na Kreuzberg, kwa hiyo unaweza kuziwekea nafasi usiku. Chupa ya plastiki usiitupe, dukani wanakurudishia senti 25. Na maji ya bomba yanakunywika, jaza.

Sasa panda M10 inayopita hapo hapo, shuka kituo cha Naturkundemuseum. Fika kabla ya saa tisa alasiri, maana wanafunga saa 12 jioni. Kiingilio cha mtu mzima ni euro 11, mwanafunzi hupunguziwa, basi toa kitambulisho chako cha chuo. Hiki ndicho kiingilio pekee ninachokutaka ulipe siku nzima, na ndicho jibu la swali lako.

Ukiingia tu ukumbi wa kwanza, inua kichwa. Yule ni mjusi wa Tendaguru. Ana kimo cha mita 13.27, ndiye kiunzi kirefu kuliko vyote vya dinosaria vilivyosimamishwa duniani, na ametoka Lindi. Wataalamu humwita Giraffatitan, zamani Brachiosaurus. Wenyeji wa Tendaguru walikuwa wakiiona mifupa ile ardhini siku zote. Mwaka 1906 habari zikamfikia mhandisi Mjerumani wa madini, na kuanzia 1909 hadi 1913 makumbusho hii ikafanya uchimbaji mkubwa uliosimamiwa na Werner Janensch na Edwin Hennig. Walioshika majembe walikuwa mamia ya watu wa huko. Barabara hakuna na mbung'o waliua wanyama wa mizigo, kwa hiyo zaidi ya tani 200 za mifupa zilifika bandari ya Lindi vichwani na mabegani mwa wapagazi, kwa mwendo wa siku kadhaa, safari baada ya safari.

Ukumbuke ulikuwa wakati gani. Vita vya Maji Maji vilikuwa vimekwisha mwaka 1907 tu. Kusini yote ilikuwa imechomewa mashamba na njaa ikaua watu wengi kuliko risasi. Waliochimba walitoka kwenye eneo hilo hilo, wakifanya kazi ya ujira kwa Wajerumani wale wale. Tafuta kwenye maelezo jina la Boheti bin Amrani. Alikuwa msimamizi mkuu wa wachimbaji, fundi wa kuitoa mifupa dhaifu bila kuivunja, na wanasayansi walimtegemea. Miaka mingi majina yaliyotajwa yalikuwa ya Wajerumani peke yao.

Bungeni Dodoma swali la kumrudisha huulizwa kila baada ya muda, na serikali imewahi kujibu kwamba gharama za kumtunza ni kubwa na kwamba kinachofaa ni ushirikiano. Mimi jibu hilo halinishibishi. Lakini wewe nenda ukamwone kwanza, ukae kwenye benchi lililo mbele yake, usome kila kibao, ndipo uwe na la kusema. Ipe makumbusho saa mbili. Vyumba vingine, kama vile vya ndege na mawe, pita ukiwa na nguvu.

Kisiwa cha Makumbusho basi? Kiache chote. Jumba lake maarufu, Pergamon, lilifungwa Oktoba 2023 kwa ukarabati wa miaka mingi, na mengine yanadai siku yao peke yao.

Kama bado una miguu, U6 inapita mlangoni mwa makumbusho. Panda ya kuelekea kaskazini, shuka Afrikanische Straße. Hapa, eneo linaloitwa Wedding, hakuna sanamu wala duka la zawadi, ni mtaa wa watu wanaopanga: akina mama na mikokoteni ya watoto, bustani ndogo za mboga. Lakini soma vibao: Sansibarstraße, Tangastraße, Ugandastraße, Kongostraße. Majina yalianza kuwekwa mwaka 1899, enzi za fahari ya makoloni. Mmoja wa mitaa mirefu uliitwa Petersallee tangu 1939, kwa heshima ya Carl Peters yule yule wa hati ya Februari 27, ambaye kwetu aliitwa Mkono wa Damu. Wakazi na vikundi vya Waafrika wa Berlin walidai ubadilishwe kwa miaka mingi, wenzao wakaenda mahakamani kupinga, na Agosti 2024 kibao kikashushwa. Upande mmoja sasa unaitwa Anna-Mungunda-Allee, kwa Mnamibia aliyeuawa Windhoek mwaka 1959. Upande mwingine ni Maji-Maji-Allee. Piga picha hiyo umtumie mwalimu wako wa historia.

Mwezi wa tano jua linazama karibu saa tatu usiku, kwa hiyo bado una mwanga. Rudi kwa U6 hadi makumbusho, panda tena M10, safari hii hadi mwisho wake Warschauer Straße. Mteremko kidogo unakufikisha East Side Gallery, kilomita 1.3 za Ukuta zilizochorwa mwaka 1990. Picha ya Brezhnev na Honecker, viongozi wa zamani wa Muungano wa Kisovieti na Ujerumani Mashariki, wakibusiana mdomoni utaitambua kwa kundi la watu mbele yake. Vuka daraja la matofali mekundu, Oberbaumbrücke, na ukingo wa mto upande wa pili unaitwa May-Ayim-Ufer. Hadi 2010 ulikuwa na jina la mtu aliyejenga ngome ya biashara ya watumwa pwani ya Ghana. Sasa una la mshairi mwanamke, Mjerumani ambaye baba yake alikuwa Mghana. Kaa hapo na falafeli yako. Ukichoka kabla ya hapa, kipande hiki ndicho cha kukata, usikate makumbusho.

Hesabu yako: usafiri kama 11, kabati kama 5, kiingilio kisichozidi 11, milo miwili kama 13. Choo cha umma kinaweza kukutoza senti 50 hadi euro moja, na vingine vinakubali kadi tu, kwa hiyo tumia vya bungeni na vya makumbusho, ni bure na ni visafi.

Saa 3 na nusu usiku uwe umeanza kurudi. Kutoka Warschauer Straße panda S-Bahn ya kuelekea magharibi hadi Westkreuz, badilisha uingie treni ya mzunguko, kituo kimoja tu unashuka Messe Nord/ZOB. Jumapili usiku kuna wakati njia hufungwa kwa matengenezo na treni hubadilishwa kwa mabasi, hivyo angalia programu ya BVG, shirika la usafiri la mji, kabla ya kuondoka darajani. Ikionyesha matatizo, chukua U1 hadi Wittenbergplatz, kisha U2 hadi Kaiserdamm. Toa begi kabatini kwanza, ndipo ununue cha kula njiani, na utakapopanda basi la Amsterdam pasipoti iwe tena mfukoni.